Kidari Nilichokikatia Jikoni

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mbili. Mkishamaliza kucheka, kaeni niwaeleze.

Miaka kumi na mitatu nimesimama mbele ya jiko la familia moja pale Shirimatunda, nikipika nyama ya ng'ombe ya oveni karibu kila Jumapili na kila sikukuu. Mwezi uliopita nilivua aproni yao, nikaikunja, nikawaaga. Sasa natafuta banda Himo, karibu na njia panda, niweke oveni yangu mwenyewe, ili watu wanaoshuka kutoka Marangu wavute harufu wasahau walikokuwa wanakwenda. Lakini kabla ndoto haijanichukua kabisa naandika haya kwa ajili yenu, wadogo zangu mnaokwenda kupika kwenye nyumba za watu. Mimi nilikwenda sijui kitu. Nikashtuka siku ya kwanza, na nimeendelea kushtuka hivyo hivyo mpaka nikastaafu.

Shule yangu iliishia darasa la saba, Tarakea. Kwetu nyama ya ng'ombe inakatwa vipande na mifupa yake, inachemshwa, inaingia kwenye ndizi. Wa kuchomwa ni mbuzi. Basi siku yangu ya kwanza kazini Mama Aika, mwenye nyumba, muuguzi mstaafu, akatoa kwenye friji pande la nyama kubwa kama mtoto wa miezi mitatu, akalipaka chumvi na pilipili manga, akalisukuma ndani ya oveni likiwa zima. Nilisubiri. Nikaona anafunga mlango wa oveni.

"Mama, umesahau kuikata," nikamwambia.

"Sijasahau."

"Sasa wageni wataing'ata kwa zamu?"

Alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Mimi sikucheka. Niliona nimekuja kwa watu wasio na akili, na nauli ya kurudi sina.

Ilipotoka, ikakaa, ikakatwa, nikapewa kipande cha pembeni kilichokauka kidogo na kuingia chumvi, nilisimama nacho mdomoni nikiangalia ukuta. Sikujua ng'ombe ana utamu ule. Miaka yote nilikuwa namchemsha bure.

Kuchagua nyama nilifundishwa na Mama Kessy, mwenye bucha pale Mbuyuni. Mwanamke mwenye bucha, nami sikuwa nimewahi kumwona wa namna hiyo, nikadhani anamshikia mume wake. Akachukua shoka akapasua mgongo wa ng'ombe kwa mapigo mawili, akaniuliza bila kuhema:

"Unataka nyama ya nini?"

"Ya kula, mama."

"Wote hapa wanakuja kununua ya kula. Hajaja bado mtu wa kununua ya kuvaa. Ya kuchemsha, ya kukaanga, au ya oveni?"

Hapo ndipo pa kuanzia. Ukimwambia ya oveni, mwenye bucha mwaminifu atakupa pande la paja lenye mafuta juu, au sarara ile ya mgongoni kama nyumba ina uwezo, au kidari, yaani nyama ya kifuani, kama una muda. Kidari kina nyuzi ndefu na ukaidi. Kinataka moto mdogo na saa nne, lakini kikikubali, hakuna nyama inayokifikia. Tazama mafuta: ng'ombe aliyekula majani mafuta yake yana umanjano, usiyaogope. Bonyeza kwa kidole: shimo likirudi, chukua, likibaki, mwachie mwenyewe. Nusa bila aibu. Mama Kessy alikuwa akisema anayeona haya kunusa buchani atanusa mezani.

Siku hiyo hiyo niliona pande moja kwenye ndoano linacheza. Nasema kweli, msuli ulikuwa unatetemeka peke yake, unaruka kidogo, unatulia. Alikuwa amechinjwa alfajiri ile. Machozi yalinitoka, nikajikuta nasema, "Pole, jamani."

"Unampa pole nani?" Mama Kessy akauliza.

"Yeye."

"Na akikujibu je?"

Watu wote buchani wakageuka kunitazama. Mpaka leo nikinunua nyama natoa pole, ila siku hizi kimoyomoyo.

Nyama inayocheza namna ile inapendwa sana kwetu, kwamba ni mbichi kabisa. Kwa supu, sawa. Kwa oveni ni balaa, na mimi nilijua hivyo kwa aibu. Kulikuwa na ubatizo, mchungaji amealikwa chakula cha mchana, nami nikaona nimpe kitu kilichochinjwa asubuhi ile ile. Moja kwa moja kutoka buchani mpaka motoni. Ikatoka na rangi nzuri ya kahawia, inang'aa. Mchungaji aliweka kipande mdomoni mara tu baada ya sala ya chakula, na wakati wa sala ya kushukuru alikuwa bado nacho. Aliomba kwa upande mmoja wa mdomo. Mimi nilisimama mlangoni na bakuli la kachumbari nikiona taya lake linavyofanya kazi, nikatamani sakafu inimeze.

Basi nunua jana yake. Ikaushe kwa kitambaa safi, ipake chumvi, iache kwenye friji mpaka kesho bila kuifunika sana, juu yake pakauke. Toboa matundu kwa ncha ya kisu uzike vipande vya kitunguu saumu na tangawizi. Ndimu weka dakika za mwisho, ukiiwahisha nyama inageuka unga. Uifunge kwa kamba ya katani ili isitawanyike. Ianze kwenye sufuria yenye moto mkali ishike rangi pande zote, ndipo iende oveni. Kama ni kidari, weka vitunguu chini, maji kidogo, funika. Mimi naweka na kikombe cha mbege, pombe yetu ya ndizi, iliyobaki jana. Mama Aika, mlokole wa siku nyingi, halijui hilo. Akisoma hapa anisamehe, mchuzi aliusifu mwenyewe.

Umeme ukikatika usilie. Nililia mara ya kwanza, nyama imekaa nusu saa tu ndani. Mama Aika akanikuta, akaniuliza keki zilipikwaje kabla ya oveni kuja. Mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko. Ndivyo tulivyofanya, na ilitoka nzuri kuliko ya umeme. Nilikasirika kidogo, kwa sababu ilionyesha oveni haikuwa ya lazima kiasi kile.

Kujua imeiva kuna njia nyingi sasa. Aika, binti yao, tuliyelingana umri na kuwa kama mtu na dada yake, aliniletea kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama, kinalia kama simu. Kizuri. Lakini mimi nina sindano ya kushonea magunia. Naichoma katikati, nahesabu mpaka kumi, naigusisha mdomo wa chini. Ikiwa baridi, bado. Ikiwa vuguvugu, ina wekundu ndani, na kuna watu wanaoipenda hivyo. Niliwahi kumhudumia mgeni mmoja aliyekula nyama inayotoa maji mekundu huku anatabasamu. Nilikimbilia kwa Mama Aika kumwambia mtu anakula jeraha. Ikikuunguza mdomo, imeiva ya watu wa kwetu.

Halafu iache ipumzike dakika ishirini nje ya moto. Wadogo zangu, hapa ndipo wengi wanaharibu. Ukiikata inapotoka tu, maji yote yanakimbilia kwenye ubao. Na unapokata, tazama nyuzi zinakoelekea, wewe ukate kuzikatisha, usizifuate. Nyama ile ile, kisu kile kile, ukifuata nyuzi unampa mtu kamba, ukizikatisha unampa siagi.

Hayo yote niliyajua vizuri sana. Nilikuwa nimefika mahali pa kujisifu. Na hapo ndipo nilipokosea kosa ambalo mpaka sasa sijalisahau.

Aika alikuwa amepata mchumba, kijana wa Machame, mpole. Wazee wa kijana walikuwa wanakuja Jumamosi kuleta posa. Lakini kwa ukoo ule binti hapokelewi wageni na baba yake. Wageni wake hupokelewa na kaka mkubwa wa baba yake. Huyo alikuwa Mzee Aminieli, anayeishi juu kijijini Mamba kwenye kihamba, shamba la migomba la familia, na Mzee Aminieli na Baba Aika walikuwa hawajasemezana miaka sita. Baba Aika alikuwa ameng'oa masale, yale majani yetu ya kuonyesha mpaka, akajenga ukuta wa tofali kati ya migomba yake na ya kaka yake, bila kumwita. Masale yaliyopandwa na baba yao. Watu walisuluhisha, kanisa likasuluhisha, ikashindikana. Sasa Mzee Aminieli asipokuja Jumamosi, posa inarudi ilikotoka, na kwa watu wa Machame posa iliyorudi haiji mara ya pili.

Mama Aika alipanda Mamba mwenyewe kumwomba shemeji yake. Akakubali kitu kimoja tu: atashuka Jumapili ya kabla ya posa, atakula chakula cha mchana, ataona.

Siku moja kabla ya Jumapili hiyo Baba Aika aliingia na kifurushi. Yeye hakuwa mtu wa kwenda buchani. Aliweka kidari mezani, kilo nne na zaidi, akaniambia, "Hiki ni cha kaka. Kipike kizima." Akatoka.

Mama Aika akaninong'oneza baadaye, "Shemeji meno ya juu yamekwisha. Uangalie."

Na Aika, akipita jikoni: "Dada, hiyo nyama ikiungua, mchumba wangu anaoa kwao."

"Ikiungua nitaolewa mimi badala yako," nikamjibu. Tulicheka, lakini wote wawili tulikuwa hatujala tangu asubuhi.

Nilikipika kizima. Saa nne na nusu za moto mdogo. Sijawahi kupika kitu kizuri kama kile, kilikuwa kinatetemeka ukigusa ubao. Wakati Mzee Aminieli anavua kofia sebuleni na kuitikia shikamoo za watu kwa sauti ya chini, mimi nilikuwa jikoni namhurumia na meno yake. Nikafungua kamba, nikakikata chote vipande vyembamba, nikikatisha nyuzi, vyembamba hata vinapitisha mwanga. Nikavipanga kwenye sinia vikilaliana kama vigae, nikamwagia mchuzi, nikaweka ndizi pembeni. Nilibeba sinia lile kama mtu anayebeba mtoto kwenda kubatizwa.

Nikaliweka mbele ya mzee.

Alilitazama. Baba Aika akalitazama. Sikuwa nimewahi kuona rangi ya mtu mweusi ikitoka usoni, siku ile niliiona.

Mzee Aminieli akaweka mikono yote miwili mezani, taratibu.

"Kwetu kidari kinaletwa kizima," akasema. Hakumwambia mtu, alikuwa kama anasoma. "Mkubwa anakikata, anawagawia wadogo zake. Kidari kikikatiwa jikoni, ni siku mkubwa amezikwa." Kisha akamwangalia mdogo wake, mara ya kwanza tangu aingie. "Umenialika kwenye matanga yangu?"

Mimi ni mtu wa Rombo, kwetu kidari tunakata popote. Mama Aika ni mtu wa Kibosho, hakujua. Aliyejua ni mmoja tu, na alikuwa ameniambia nikipike kizima, akadhani amemaliza. Hakuwa amewahi kupika, hakujua kwamba baada ya kupika kuna kukata.

Mzee alianza kunyanyuka. Nikasikia mlango wa korido ukigonga. Ni Aika alikuwa ameuegemea.

Nikapiga magoti. "Baba, ni mimi niliyekata. Hakuna aliyenituma. Niliambiwa huna meno."

Mama Aika akafunika uso kwa kanga. Mzee akanitazama, na nikaona ulimi wake ukipita kwenye ufizi ndani ya mdomo, kama anahakikisha.

"Nani alikuambia?"

Hapo hata mimi nilijua pa kunyamazia.

Baba Aika akasimama. Nilidhani anakuja kunipiga, na asingekuwa na kosa. Akalichukua sinia mezani, akapita na kwenda jikoni. Nikamfuata kwa magoti hatua mbili, ndipo nikakumbuka nina miguu.

"Kamba iko wapi?" akaniuliza.

"Kamba gani, baba?"

"Uliyofungia."

Ilikuwa juu ya ubao, imelowa mafuta. Akakunja mikono ya shati lake jeupe la kanisani. "Kipi kilianza?"

Nikamwonyesha. Kile cha upande wa mafuta kwanza, kisha kinachofuata. Tukavisimamisha kimoja kimoja, yeye anashika, mimi napanga, mchuzi unamshuka mpaka kwenye kiwiko. Vipande vingine vilikatika, akavisukumia katikati ili visionekane. Kikarudi kuwa kitu kinachofanana na kidari, kilichoinama upande mmoja kama mlevi. Akakizungushia kamba, akapitisha, akarudisha, akavuta kwa meno. Lilikuwa fundo ambalo sijawahi kulifunga mimi. Mikono yake fundo hilo ililijua.

Tulipotoka, Mzee Aminieli alikuwa mlangoni na kofia mkononi, na Mama Aika amesimama kati yake na kizingiti akiongea maneno yasiyo na mpangilio. Baba Aika akaweka sinia mezani, akaweka kisu pembeni, akabaki ameinamisha kichwa. Mafuta yalikuwa yanadondoka kwenye zulia na hakuna aliyethubutu kuyafuta.

"Kaka," akasema. Tu. Miaka sita, na hilo ndilo lililotoka.

Mzee alirudi, labda kwa kutaka kuona upuuzi ule kwa karibu. Akainama. Akagusa kamba kwa kidole.

"Hili fundo ni la majani ya ng'ombe."

"Ndiyo."

"La mzigo wa kuteremka nao. Nilikufundisha pale mtoni, ulikuwa unamwaga majani njia nzima, nami napigwa kwa ajili yako."

"Ndiyo, kaka."

"Umelifunga na nyama."

"Sikujua lingine."

Mzee akakaa. Hakuchukua kisu. Alishika ncha ya kamba, akavuta mara moja, na fundo lote likafunguka bila kukwama, vipande vikalala sinia zima kama vilivyokuwa mwanzo. Akatazama vizuri, akachukua cha kwanza kwa mkono, akala. Tulikuwa tunasikia anavyotafuna, na haikuchukua muda, kwa sababu ile nyama ilikuwa haina haja ya meno. Akachukua cha pili, akakishika hewani.

Baba Aika akatoa viganja vyote viwili, kama mtoto anayepewa kitu kanisani, akapokea.

Walikula. Baadaye Mzee Aminieli akafuta vidole akasema, "Ukuta bado upo."

"Upo, kaka."

"Tutauzungumza. Hautaisha kwa nyama."

"Najua."

"Lakini Jumamosi wageni wa mtoto nitawapokea mimi. Wewe utakaa kushoto kwangu, na utanyamaza."

"Ndiyo, kaka."

Nyuma ya mlango wa korido kitu kizito kikateleza mpaka sakafuni. Ni Aika, amekaa chini na gauni lake jipya. Mama Aika akaanza kulia na kutafuta vijiko kwa wakati mmoja. Mimi nikanyanyua sinia nitoroke nalo jikoni, mzee akaniita.

"Binti."

"Abee, baba."

"Jumamosi upike kingine kama hiki. Kisu nitashuka nacho mwenyewe."